Kibanda umiza cha nyuma ya Majengo: vita vya theluji kwa shilingi 500, kasoro petroli

Nianze na bei, maana ndiyo watu huuliza kwanza. Kiingilio ni shilingi 500 mchana na 1,000 usiku. Watoto wa shule wakija na sare wanarudishwa mlangoni, na hilo nimelipenda. Kahawa wanauza humo humo, 200 kikombe, kashata 100, na ubuyu upo wa kumwaga. Mabenchi ni ya mbao, hayana pa kuegemea isipokuwa lile la nyuma lililobanwa kwenye ukuta wa mabati, na hilo wazee wanaliwahi mapema. Skrini ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Sabufa ni kubwa kuliko inavyohitajika; bomu likilipuka Urusi, bati la Majengo linacheza.

Siku za kawaida hapo ni mpira wa Ulaya na sinema za ngumi. Mwezi huu wa saba, sijui nani alimpa mwenye kibanda wazo hilo, akapanga wiki ya filamu za kumbukumbu za vita vilivyopiganwa kwenye theluji: Napoleon kule Urusi, Waturuki milimani, Wafini na Warusi, Stalingrad, halafu Korea. Sauti ya Kiingereza inapunguzwa, na kijana mmoja mwenye maiki anatafsiri papo kwa papo. Majira yenyewe yamekaa vizuri. Watu wa pwani hutucheka Dodoma tukivaa makoti Julai, lakini waje wakae kwenye kibanda cha mabati saa tatu usiku, ule upepo wa vumbi ukipenya kwenye kila tundu la msumari, ndipo tuongee.

Wanawake wa umri wangu hawaonekani vibanda umiza. Mjukuu wangu ndiye aliyenikokota, nadhani akitegemea ningechoka baada ya robo saa nimwachie hela ya soda niondoke. Ukiingia, vijana wananyamaza, wanakuamkia, wanakupisha benchi, kisha wanakusahau. Sikubughudhiwa hata kidogo. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa afisa ugavi serikalini. Nimezeeka na leja, na hati za kupokelea mali, na kugombana na wakuu wa idara wanaotaka leo kitu walichotakiwa kukiombea bajeti mwaka jana. Kwa hiyo pale ambapo vijana walikuwa wanahesabu mizinga, macho yangu yalikuwa kwenye mikokoteni.

Mtafsiri ana kipaji, nisimnyime haki yake. Sauti anayo, pumzi anayo, na hachoki. Kutuzov, jemadari wa Urusi aliyeumia jicho vitani, amemwita "mzee wa jicho moja anayeona kuliko wenye mawili", kibanda kizima kikacheka. Majina ya Kirusi anayavunjavunja lakini hasiti, na mtafsiri anayesita huua sinema. Tatizo lake ni moja na lilijitokeza kila siku. Kwake yeye vita vyote hivi vina adui mmoja tu: baridi. Kila maiti ikionekana kwenye theluji, anashusha sauti kama anahubiri msibani, "Baridi, wananchi! Baridi haina rafiki!" Jenerali asiyeagiza chakula, baridi. Farasi asiye na kiatu, baridi. Mimi nimeshasoma taarifa nyingi za upotevu wa mali za umma, na najua mtu anapoandika "mvua" kwenye safu ya sababu, mara nyingi ghala lilikuwa linavuja tangu kiangazi.

Chukua hiyo ya Napoleon. Filamu yenyewe ilisema wazi, ni mtafsiri aliyeruka. Napoleon alivuka mto Niemen tarehe 24 Juni 1812, na Juni kule ni joto. Jeshi lake kubwa lilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Kufika Borodino, tarehe 7 Septemba, aliokuwa nao mkononi kwa vita ni kama 130,000. Wengine aliwaacha pembeni na kwenye miji ya njiani, ni kweli, lakini makumi ya maelfu walikwishakufa au kutoroka kwa njaa, kuhara na homa inayoletwa na chawa, jua likiwaka. Maelfu ya farasi walikufa wiki za mwanzo kwa sababu walilishwa nafaka mbichi za shambani. Magari ya mizigo yalikuwa mazito kwa barabara za Urusi, yakabaki nyuma na unga, jeshi likatangulia na njaa. Hapo hakuna hata chembe ya theluji iliyoanguka. Nusu ya hasara ilishaingia kwenye leja, na mtafsiri alikuwa bado anatuchekesha kuhusu kofia ya mfalme.

Kisha Moscow. Aliingia tarehe 14 Septemba, mji ukaungua, akakaa akingoja barua ya kuomba amani kutoka kwa Tsar, mfalme wa Urusi, barua isiyokuja, hadi tarehe 19 Oktoba. Alipoondoka alikuwa na watu kama 100,000 na msururu wa magari yaliyojaa vinara vya fedha, mazulia na makoti ya wanawake. Ninachotaka kukisema ni viatu vya farasi. Farasi wa nchi zile msimu wa barafu huvalishwa viatu vyenye meno, vinginevyo hasimami, sembuse kuvuta mzinga mlimani. Caulaincourt, aliyesimamia farasi wa mfalme, aliwatengenezea wale wa nyumba ya Napoleon viatu hivyo mapema. Wa jeshi hawakuwa navyo. Yaani mtu mmoja alijua, akatenda, na kilichotendwa kikaishia kwenye zizi la bosi. Nilisema "mh!" kwa sauti, mjukuu wangu akanifinya.

Halafu Smolensk, ambako akiba ya chakula ilikuwepo. Waliotangulia wakavunja maghala wakala na kumwaga. Waliofuata nyuma, ambao ndio waliokuwa wakipigana kulinda msafara, wakakuta magunia matupu. Ugawaji bila mtu wa kusimama mlangoni ni uporaji tu.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni Jenerali Eblé, mkuu wa watu wa madaraja. Filamu ilimpa dakika kadhaa. Mtafsiri wetu akampa sentensi moja, "Wakajenga daraja, wananchi, wakavuka," akaweka maiki chini akaenda kupokea simu. Sasa mimi nawapa alichowanyima. Pale Orsha, Novemba, Napoleon aliamuru vifaa vya madaraja ya kuelea vichomwe moto ili farasi waliobaki wavute mizinga. Eblé akabishana, akashindwa, ila akafanikiwa kubaki na magari machache: makaa, zana na mitambo ya mhunzi ya kubebeka. Siku chache baadaye wanafika mto Berezina, Warusi wamelishika na kuliharibu daraja la Borisov, na mto haujaganda. Msomaji, rudia hapo. Kilichowaponza Berezina ni kwamba baridi ililegea. Barafu ingekuwa nene wangetembea juu yake. Watu wa Eblé wakabomoa nyumba za kijiji cha Studienka wapate mbao, wakafua vyuma kwa yale makaa, wakaingia majini hadi kifuani, vipande vya barafu vikiwagonga, wakasimamisha madaraja mawili tarehe 26 Novemba. La mizigo lilivunjika mara kadhaa, wakarudi majini usiku. Wengi wao hawakumaliza mwezi. Eblé mwenyewe alikufa mwisho wa Desemba. Jeshi lote lililotoka pale lilitokea kwenye kisanduku cha misumari ambacho mtu mmoja alikataa kukichoma. Ndiye steringi wa filamu, na steringi wetu alifia kwenye simu ya mtafsiri.

Mapumziko nikamfuata. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Yule Eblé ulimpeleka wapi?" Akacheka, akasema watu hawaji kuangalia mafundi seremala. Kuanzia siku hiyo akaniita Mama Ugavi, kwenye maiki, mbele za watu.

Ya Waturuki ilikuwa fupi na picha zake mbovu, lakini inatosha kumkasirisha mtu. Sarikamish, Desemba 1914 hadi Januari 1915. Enver Pasha, waziri wa vita, kijana aliyepanda vyeo haraka, anataka kuwazunguka Warusi kwa kupitia milimani katikati ya majira ya baridi. Hasan Izzet Pasha, kamanda wa jeshi la tatu, hakukubaliana naye, akaachia ngazi. Meli zilizobeba vifaa kwenda huko zilikwishazamishwa na Warusi kwenye Bahari Nyeusi mwezi Novemba. Barabara ya lami hakuna, reli haifiki. Na askari wakaambiwa waache mizigo na makoti mazito nyuma ili waende kasi. Kwenye milima ya Allahuekber waliganda kwa maelfu katika usiku mmoja mmoja, na hasara nzima ya jeshi lile ni makumi ya maelfu ya watu. Mtafsiri: "Baridi, wananchi!" Mimi nikajibu kutoka benchi la nyuma, "Makoti yameachwa kwa amri ya nani?" Safari hii watu waligeuka, na kijana mmoja wa bodaboda akadakia, "Ya Enver!" Tukaanza kuelewana.

Ya Wafini ndiyo aliyoifanya vizuri kuliko zote, na naipendekeza kama wakiirudia. Vita vile vilianza tarehe 30 Novemba 1939 vikaisha tarehe 13 Machi 1940. Mtafsiri aliwapa wale watelezaji wa theluji wenye nguo nyeupe sauti ya kunong'ona, na Warusi wa barabarani sauti ya kukoroma, ikakaa sawasawa. Barabara ya Raate, karibu na Suomussalmi: divisheni ya 44 ya Kisovieti imejipanga kwenye njia moja nyembamba ya msituni, magari, mizinga na farasi, mstari wa kilomita nyingi usioweza kugeuka. Kanali Siilasvuo hakuwa na watu wa kuwazidi. Alikata mstari vipande vipande, na Wafini wakawa wanalenga majiko. Jiko la kupikia chakula cha moto likipigwa, kikosi cha mia mbili hakina supu, na kwenye nyuzi arobaini chini ya sifuri asiye na supu hana usiku wa pili. Wafini wenyewe walilala kwenye mahema yenye jiko ndani, na waliweza hata kuoga sauna karibu na mstari wa mbele. Baridi ilikuwa ileile kwa wote wawili, kwenye msitu uleule. Nilitamani mtafsiri aseme hilo na, kwa heshima yake, alilisema.

Kamanda wa ile divisheni, Vinogradov, alipigwa risasi mbele ya askari wake mwezi Januari 1940, na Warusi waliokufa au kupotea vita ile nzima ni zaidi ya 120,000, dhidi ya Wafini kama 25,000. Kumpiga risasi Vinogradov ni rahisi. Kabla ya hapo Stalin alikwishawamaliza marshali watatu kati ya watano aliokuwa nao, na maofisa kwa maelfu. Ofisi ya namna hiyo nani atapeleka barua ya kusema skii hazitoshi?

Sasa malalamiko. Siku ya Stalingrad kibanda kilijaa mpaka watu wamesimama. Filamu haijafika mbali, umeme ukakatika. Hilo si kosa lao. Jenereta ipo, mpya, imefungwa nje chini ya mwembe. Ikavutwa, ikakohoa, ikazima. Petroli hakuna. Kijana anayekata tiketi akasema kwa sauti ya kujitetea kwamba alimwambia bosi tangu asubuhi, bosi akasema umeme siku hizi hausumbui. Watu wakaanza kudai hela zao, mwenye kibanda akatuma bodaboda na kidumu, na bodaboda alichukua muda wake. Mimi nilikaa gizani nikicheka peke yangu. Kama mwenye kibanda anasoma hapa: kidumu cha lita tano, kijazwe kila Jumatatu, na kiandikwe kwenye daftari. Hakuna sayansi.

Ila lile giza ndilo lilitupa kipindi kizuri kuliko vyote vya wiki hiyo, na hakikuwa kwenye tangazo. Mzee mmoja aliyekuwa mbele, mwenye shuka la Kigogo begani, akasimama akasalimia "Mbukwenyi", wenyeji wakaitikia, akasema: haya mambo ya Ulaya mnayashangaa, je, Mtunya mnaujua? Vijana kimya. Akaeleza. Vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walichukua ng'ombe na mtama wa Ugogo kulisha askari wao, na vijana kubeba mizigo. Waingereza wakaingia Dodoma Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe, mtama na vijana waliobaki. Mvua zikagoma. Njaa iliyofuata, hadi mwaka 1920 hivi, ndiyo Mtunya, na wanaoandika historia ya huku wanakadiria watu 30,000 walikufa kati ya wakazi kama 150,000. Bibi yake alikuwa mtoto wakati huo. Aliwahi kumwambia kwamba walikula ngozi walizokuwa wakilalia, wakizichemsha kutwa nzima.

Nikaongezea ya Kondoa, maana hiyo naijua kwa kuzaliwa jirani nayo. Aprili 1916, jenerali wa Afrika Kusini aitwaye van Deventer aliiteka Kondoa Irangi kwa mwendo wa kasi, chini ya amri ya Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza huku, aliyetaka ushindi wa haraka. Masika yakamfungia njia nyuma yake. Farasi wakafa kwa mamia kwa ndorobo na uchovu, magari yakazama kwenye matope, askari wakabaki na malaria na chakula cha kuokoteza kijijini. Kushinda alishinda, lakini kusogea hakuweza kwa wiki nyingi, na mwezi wa tano Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, akamjia usiku pale pale alipokwama. Kijana wa bodaboda akauliza, "Kwa hiyo mama, hapa kwetu mvua, kule theluji?" Nikamwambia hapa kwetu Smuts, kule Göring, subiri jenereta iwake.

Ikawaka. Stalingrad ni filamu ambayo afisa ugavi yeyote angeionyesha kazini badala ya semina. Tarehe 23 Novemba 1942 jeshi la sita la Ujerumani, watu zaidi ya 250,000, limezungukwa na Warusi kwenye mji huo. Farasi wao walikwishapelekwa mbali nyuma kwa sababu majani hayakutosha, kwa hiyo hata wakitaka kutoka hawana cha kuvutia mizinga. Swali ni moja: walishwe kwa ndege au waondoke? Mahitaji ya siku ni tani 500, wakashushwa mpaka 300. Göring, mkuu wa jeshi la anga, akasema inawezekana. Hesabu hii mjukuu wangu aliipiga kwenye simu palepale. Ndege ya Junkers 52 inabeba kama tani mbili. Tani 300 ni ndege 150 zinazotua kila siku, kwenye ukungu, mchana mfupi wa Desemba, viwanja viwili vitatu vya udongo ulioganda, injini zinazopashwa moto kwanza ndipo ziwake, na Warusi wanapiga mizinga. Richthofen, kamanda wa ndege zenyewe, alisema haiwezekani. Zeitzler, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu, akamwambia Hitler usoni kwamba Göring anadanganya. Walikuwa wanajua. Sahihi ikawekwa hata hivyo.

Kilichofika ni wastani wa tani kama 100 kwa siku, na siku nyingine karibu na bure. Mgawo wa mkate ukashuka hadi gramu 100 na chini ya hapo. Shika kipande cha mkate wa dukani, hizo ni slesi tatu nyembamba, kwa siku nzima, kwa mtu anayechimba handaki kwenye ardhi ngumu kama zege. Zeitzler huko Ujerumani akaanza kula mgawo uleule mezani kwake mpaka akakonda, Hitler akamwamuru aache. Nimemwelewa, lakini mkate alioukataa yeye haukupanda ndege. Uwanja wa Pitomnik ukatekwa katikati ya Januari, Gumrak siku chache baadaye, na mizigo ikawa inadondoshwa kwa miavuli kwa watu wasio na nguvu ya kuivuta kutoka kwenye theluji. Tarehe 30 Januari 1943 Hitler akampandisha Paulus, kamanda wa jeshi hilo, cheo kuwa marshali. Hicho cheo kilifika kwa wakati! Kesho yake Paulus akajisalimisha. Waliotekwa ni kama 91,000, na waliorudi kwao miaka ya baadaye ni 5,000 au 6,000 tu.

Mtafsiri siku hiyo alijitahidi. Aliposoma tani 300 alisimama, akarudia, akasema "Mama Ugavi, umesikia?" Nimesikia mwanangu. Ila Paulus alimwachia kirahisi. Mtu aliyekuwa na askari robo milioni chini yake na redio mkononi, ambaye kila siku alihesabu mafuta yanayopungua, akangoja ruhusa mpaka mafuta ya kutokea yakaisha. Mtafsiri alimwita "mzee wa watu". Mimi nisingemwajiri.

Nilitegemea wangeonyesha pia Moscow 1941, hawakuwa nayo. Ni pengo. Wajerumani wanaingia Urusi tarehe 22 Juni, wamepanga kumaliza kabla ya baridi, nguo za baridi wameandaa za kikosi kitakachobaki kulinda tu, reli za Urusi zina upana mwingine na treni zao hazipiti mpaka njia ibadilishwe, na kilichopewa kipaumbele kwenye mabehewa ni risasi na mafuta. Tarehe 20 Desemba Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, anawaomba wananchi redioni wachangie makoti ya manyoya. Desemba! Zabuni ya makoti inatangazwa watu wameshakatwa vidole.

Korea ilifunga wiki, nayo ni bwawa la Chosin, Novemba na Desemba 1950. Hapa mtafsiri alinipa maiki kwa dakika chache, na wateja hawakulalamika, ingawa wawili walitoka kununua mishikaki. Majenerali wawili. Oliver Smith wa wanamaji wa Marekani alikuwa anasukumwa na mkuu wake, Almond, akimbilie mpaka wa China. Akatii kwa miguu mizito. Kila alipofika akaweka akiba ya risasi na chakula, na pale Hagaru-ri akasimamisha watu na matingatinga kuchonga uwanja wa ndege kwenye udongo ulioganda, huku wakubwa wakiona anapoteza muda. Upande wa pili Song Shilun, jeshi lake la tisa limetolewa mashariki mwa China kwenye hali ya hewa ya wastani, likaingizwa milimani haraka bila kungoja nguo za kaskazini: pamba nyembamba, raba za turubai, na viazi vilivyoganda kama mawe. Askari hodari, nidhamu ya ajabu, wanatembea usiku, wanajificha mchana. Walioumia kwa baridi peke yake upande huo walizidi 28,000. Kwa Smith baridi iliumiza maelfu pia, lakini majeruhi zaidi ya 4,000 walitolewa kwa ndege kupitia ule uwanja wa "kupoteza muda". Na Wachina walipovunja daraja la njia ya Funchilin, vipande vya chuma vya daraja jipya vilidondoshwa kwa miavuli, kikavunjika kimoja, kingine kikaangukia kwa Wachina, na vilivyobaki vikatosha kwa sababu aliyeagiza aliagiza vya ziada. Hapo nilipiga makofi, na benchi la nyuma wakanifuata bila kujua kwa nini.

Basi, uamuzi wangu. Picha na sauti: nzuri, mradi usikae mbele ya sabufa. Mtafsiri: bora kuliko wengi niliowahi kuwasikia, apewe tu karatasi yenye majina na namba kabla ya kipindi, na simu abaki nayo mwenye kibanda. Choo: kipo, ufunguo yupo nao muuza kahawa, maji ya kunawa hayapo, nimewaambia, wameahidi ndoo. Kwa akina mama, nendeni kipindi cha saa kumi, mtu mzima hasukumwi. Bebeni mtandio au shuka kwa ajili ya usiku, na mto mdogo wa kukalia. Jumamosi na Jumapili msiende kama hampendi mpira, maana hata mngelipa mara mbili hampati pa kukaa.

Mtafsiri ameniambia mwezi ujao wataleta filamu za vita vya jangwani. Nimemuuliza kama amewahi kupiga hesabu ya lita za maji kwa siku kwa kila askari. Amesema atanipigia simu kwanza.